Uvimbe Usio Saratani Kwenye Mifupa Inayozunguka Jicho: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa mtu aliyeambiwa, yeye au ndugu yake, kwamba kuna uvimbe kwenye mfupa karibu na jicho na kwamba unaonekana si saratani. Maswali yenyewe ni yale yanayorudi kila kliniki: mengine huulizwa mbele ya daktari, mengine akishatoka chumbani. Usome kabla ya kwenda kumwona, ili ukifika ujue la kumuuliza.

## Mambo ya msingi

1. Kwani jicho lina mfupa? Huo uvimbe umeota wapi?

Jicho lenyewe halina mfupa, ila limekaa ndani ya tundu lililojengwa na mifupa saba: wa paji la uso juu, wa shavu pembeni, wa taya la juu chini, na mingine midogo upande wa pua na nyuma kabisa. Kwa mtu mzima tundu hilo lina ujazo wa takriban mililita 30. Humo humo mnakaa jicho, misuli inayolizungusha, mafuta, tezi ya machozi na mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo, ambao hapa tutauita mshipa wa kuona.

Nafasi ya ziada haipo. Mfupa wowote kati ya hiyo saba ukiota uvimbe unaoelekea ndani, kinachosogea ni vile vitu laini. Ukuta wa upande wa pua una unene usiofika nusu milimita, kwa hiyo hata uvimbe ulioanzia kwenye vyumba vya hewa vya pua hupenya hadi kwenye jicho bila shida.

2. Nimeambiwa si saratani. Basi hauna madhara?

Maana yake ni kwamba hausambai kwenda kwenye mapafu, ini au mifupa ya mbali. Bado unaweza kudhuru pale ulipo. Uvimbe wa sentimita moja juu ya nyusi unaweza kukaa miaka 30 bila kumsumbua mwenyewe zaidi ya kwenye kioo. Wa ukubwa huohuo ukiwa nyuma ya tundu, penye mfereji wa mshipa wa kuona, unaweza kupofusha. Watu wengi huanza kwa kuuliza uvimbe una ukubwa gani. Maswali yenye uzito zaidi ni mawili: unabana nini, na unakua kwa kasi gani. Karibu kila uamuzi unaofuata hapa chini unatoka kwenye hayo.

3. Ni aina zipi zinazoonekana zaidi?

Osteoma ndiyo inayokutwa mara nyingi kuliko nyingine. Ni mfupa mgumu uliozidi mahali pake, kwa kawaida kwenye chumba cha hewa cha paji la uso au kile cha kati ya macho. Wengi hugundulika wakipigwa picha ya kichwa kwa sababu nyingine kabisa, kama ajali ya bodaboda au maumivu ya kichwa. Hukua polepole, milimita moja au mbili kwa mwaka, na nyingine hazionekani kubadilika kwa miaka. Osteoma yenyewe ikiwa ndogo huwa kimya. Tatizo hutokea inapoziba njia ya kutokea kamasi, kamasi likajikusanya ndani ya chumba hadi likaanza kulisukuma jicho. Mara nyingine likiambukizwa linageuka usaha.

Displasia ya nyuzi ni kitu tofauti. Hapa mfupa wa kawaida unabadilishwa na mchanganyiko wa nyuzi na mfupa mchanga, na mfupa wote unanenepa bila mpaka ulio wazi. Huanza utotoni, hujitokeza zaidi miaka ya kukua, na mara nyingi hupungua kasi baada ya balehe. Fibroma ya mfupa hufanana nayo chini ya hadubini lakini ina mpaka unaoonekana, na ile ya vijana hukua kwa ukali.

Kisha kuna zisizo za kila siku. Hemanjioma ya mfupa ni mkusanyiko wa mishipa ya damu ambao kwenye picha huonekana kama sega la nyuki. Sisti ya damu ya mfupa, yaani mfuko wenye damu ndani ya mfupa, huwapata zaidi watoto na vijana na inaweza kuvimba ghafla ikivuja damu ndani. Uvimbe wa seli kubwa unahitaji kipimo cha damu kabla ya kisu (tazama swali la 11). Histiositosisi ya Langerhans, mrundikano wa aina fulani ya seli za kinga, hutoboa mfupa wa juu pembeni mwa jicho la mtoto. Na meninjioma, ambayo asili yake ni utando wa ubongo, humpata zaidi mwanamke wa makamo: inaufanya mfupa wa nyuma ya pembe ya jicho unenepe hadi watu wakadhani ni ugonjwa wa mfupa tu.

4. Umetokana na nini? Niligongwa hapo zamani.

Kwa aina nyingi chanzo hakijulikani. Kugongwa kumehusishwa na baadhi, lakini mara nyingi zaidi pigo ndilo lililomfanya mtu ajishike na kugundua kitu kilichokuwepo tayari. Displasia ya nyuzi tunaijua vizuri zaidi: ni hitilafu katika jeni moja, GNAS, inayotokea mtoto akiwa bado tumboni, baada ya mimba kutungwa. Haikurithiwa kwa baba wala mama, na mgonjwa hairithishi kwa watoto wake. Mama, haikuletwa na chakula ulichokula ukiwa mjamzito. Simu haihusiki, na jirani pia hahusiki.

## Dalili

5. Dalili zipi zinipeleke hospitali, na zipi zinikimbize?

Nenda ukiona uvimbe mgumu usiosogea karibu na jicho, jicho moja limetokeza au limeshuka kuliko jingine, unaona vitu viwili viwili, machozi yanatiririka upande mmoja, au una maumivu ya paji la uso yasiyoisha. Linganisha picha zako za miaka iliyopita, hata ile ya kitambulisho. Zinasema mengi kuliko kumbukumbu.

Kimbia, siku hiyohiyo, kama uoni unafifia, kama rangi nyekundu inaonekana imepauka kwenye jicho moja, kama jicho linazima kwa sekunde unapotazama upande fulani, au kama uvimbe umekua ndani ya siku chache. Pia kama kuna homa, kope nyekundu iliyofura na jicho lisilozunguka: hapo huenda kuna usaha.

6. Jicho limetokeza lakini haliumi. Ni lazima iwe uvimbe wa mfupa?

Hapana. Kwa watu wazima sababu inayoongoza ya macho kutokeza ni ugonjwa wa tezi ya shingo, hata kama shingo haijavimba, na mara nyingi huyashika macho yote mawili. Ndiyo maana utapimwa damu ya tezi kabla ya jambo lolote kubwa.

Kuna jambo hapa linalowahusu wasomaji wetu moja kwa moja. Macho ya Waafrika wengi kiasili yamekaa mbele zaidi kidogo kuliko ya Wazungu, na viwango vingi vya vitabuni vilitokana na vipimo vya Wazungu. Namba peke yake isikutishe. Kinachoangaliwa ni tofauti kati ya macho yako mwenyewe: ikizidi milimita 2 inatafutiwa sababu.

7. Mtoto wangu jicho linatoka nje. Nisubiri kliniki ya mwezi ujao?

Usisubiri. Mengi ya mambo ya watoto si mabaya. Kinundu laini kilicho mwishoni mwa nyusi tangu akiwa mchanga kwa kawaida ni sisti ya ngozi iliyonasa kwenye maungio ya mifupa. Hutolewa kwa utaratibu, bila haraka. Lakini katika ukanda wetu kuna magonjwa mawili yasiyovumilia kuahirishwa.

La kwanza ni limfoma ya Burkitt, saratani ya seli za kinga, iliyoelezwa mwaka 1958 na daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliyekuwa akifanya kazi Kampala. Hupenda taya na tundu la jicho, na seli zake zinaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja hadi mbili. Meno yanayolegea kwa mtoto mwenye jicho linalotokeza ni ishara nzito. Haitibiwi kwa kisu. Inatibiwa kwa dawa za saratani, na inaitikia vizuri ikiwahiwa. La pili ni retinoblastoma, saratani ya ndani ya jicho, ambayo huanza kwa weupe kwenye mboni, mara nyingi ukionekana kwenye picha za simu zenye mwanga.

Hata pale uvimbe unapokuwa si saratani, mtoto wa chini ya miaka saba au minane ana hatari yake. Kope ikifunika mboni au jicho likipinda, ubongo unazoea kutumia jicho moja tu, na jicho jingine linabaki vivu hata uvimbe ukishatolewa. Muulize daktari mapema kuhusu miwani na kuziba jicho lisilo na tatizo kwa saa kadhaa kwa siku.

## Vipimo

8. Kliniki watanifanyia nini siku ya kwanza?

Utasoma herufi, jicho moja moja. Utaoneshwa vitabu vya namba zilizofichwa kwenye nukta za rangi. Utamulikwa tochi huku na huku, kuona kama mboni zote zinajikunja sawa. Hiki ni kipimo cha sekunde kumi kinachofichua mshipa wa kuona ulioumia kuliko mashine nyingi. Utapimwa upana wa uoni, jicho litapimwa limetokeza milimita ngapi, na nyuma ya jicho itachunguzwa. Omba namba zako uandikiwe. Uvimbe unaofuatiliwa kwa miaka unategemea sana rekodi ya siku ya kwanza, na faili hupotea.

9. Kwa nini CT na MRI vyote viwili? Eksirei haitoshi?

Eksirei inaonesha kwamba kuna kitu na inaishia hapo. CT, yaani eksirei ya kompyuta inayoonesha kichwa vipande vipande, ikiwa ya vipande vyembamba ndiyo inayosoma mfupa: mpaka uko wapi, ukuta umetobolewa au umesukumwa, mfereji wa mshipa wa kuona umebaki na upana gani. Mara nyingi CT peke yake inatosha kutaja jina la uvimbe: osteoma huonekana nyeupe kabisa, displasia ya nyuzi huonekana na ukungu wa kijivu uliosambaa.

MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, haihitajiki kwa kila mtu. Inaombwa pale panapoulizwa kuhusu ubongo, utando wake au mshipa wa kuona, au inaposhukiwa sisti ya damu, ambayo huonesha vyumba vyenye damu iliyotuama kwa matabaka. Ukipewa picha, chukua diski pamoja na karatasi ya majibu. Daktari wa upasuaji anataka kuziangalia picha zenyewe, na wengi wamerudishwa kupiga upya, kwa gharama zao, kwa sababu walibeba karatasi tu.

10. Lazima nichukuliwe kinyama, kile kipande kidogo cha kupimwa maabara? Si ndiyo kuuchokoza?

Si lazima kila mara. Osteoma ya kawaida haichukuliwi kinyama. Ikitolewa, yote huenda maabara. Displasia ya nyuzi yenye picha ya wazi inaweza kufuatiliwa bila kuguswa. Kinyama huhitajika pale picha inapoacha shaka, uvimbe unapokua haraka, au mfupa unapoonekana kuliwa.

Kuhusu kuuchokoza: kuchukua kinyama hakugeuzi uvimbe wa kawaida kuwa saratani. Uliokuwa saratani ulikuwa saratani kabla ya sindano. Hofu yenye msingi ni ya damu. Hemanjioma ya mfupa ikidungwa bila kujua inaweza kutoka damu nyingi, na ndiyo sababu picha hutangulia kinyama siku zote. Ukiona mpangilio umegeuzwa, kinyama kwanza picha baadaye, uliza kwa nini.

Kinyama chenyewe huwekwa kwenye kopo lenye fomalini, na pengine ndugu ndiye anayekabidhiwa akipeleke maabara. Akipeleke siku hiyohiyo, jina likiwa limeandikwa juu ya kopo. Mfupa hulainishwa kwanza kwa dawa kabla ya kukatwa, kwa hiyo majibu huchelewa kuliko ya nyama laini.

11. Nina tatizo la jicho. Kwa nini napimwa kalsiamu, na mwenzangu katumwa kuchunguzwa utumbo?

Uvimbe wa seli kubwa unafanana kabisa, hata kwenye hadubini, na uvimbe unaoletwa na tezi ndogo za shingoni zinazotawala kalsiamu zinapofanya kazi kupita kiasi. Hutokea pia kwa wenye figo zilizochoka kwa muda mrefu. Kama chanzo ni hicho, kinachotibiwa ni tezi, na mfupa unaweza kupona wenyewe. Kumpasua mtu huyo usoni kabla ya kipimo cha damu ni kumwonea.

Utumbo unahusu osteoma, hasa zikiwa nyingi, au mtu akiwa na vinundu vya ngozi na meno ya ziada. Hiyo inaweza kuwa sindromu ya Gardner, iliyopewa jina la Eldon Gardner aliyeielezea kule Utah, Marekani, miaka ya 1950. Wenye hali hii huota vinyama vingi sana kwenye utumbo mpana, na visiposhughulikiwa vinaishia kuwa saratani. Mzazi mwenye jeni hiyo ana nafasi ya nusu kwa nusu kumrithisha kila mtoto. Hapo uvimbe wa juu ya jicho, wenyewe mdogo, unaweza kuokoa ukoo mzima, kwa hiyo usiipuuze rufaa ya utumbo kwa sababu tumbo haliumi.

## Kukata au kusubiri

12. Nimeambiwa tuufuatilie tu. Nimepuuzwa?

La. Osteoma ndogo isiyo na dalili, na displasia ya nyuzi iliyotulia, hufuatiliwa. Kufuatilia kuna tarehe: CT ya pili, mara nyingi baada ya mwaka hivi, na vipimo vya uoni katikati. Kama umeambiwa "tutaangalia" bila kupewa tarehe, rudi ukaiombe.

13. Ni lini upasuaji haukwepeki?

Mshipa wa kuona unapobanwa na uoni unapungua. Uvimbe unapoziba chumba cha hewa na kuleta usaha au mkusanyiko wa kamasi. Unapotoboa kuelekea ubongoni. Unapoleta uoni wa viwili usiovumilika, au unapoonekana wazi kwenye picha mbili kwamba unakua kuelekea kwenye kitu cha thamani. Fibroma ya mfupa ya vijana hutolewa hata kabla ya dalili kubwa kwa sababu kuisubiri ni kuipa nafasi.

Na sura? Sura ni sababu halali. Kijana anayejifunika kofia shuleni mwaka mzima ana tatizo la kweli, ingawa uoni wake ni kamili. Ila sababu ya sura inavumilia kupangwa, na hatari zake zipimwe kwa mizani nyingine.

14. Displasia imeuzunguka mshipa wa kuona pande zote. Naona vizuri. Kwa nini hawanifungulii kabla sijapofuka?

Hili ndilo swali linaloleta ubishi mwingi katika familia, na jibu lake limebadilika. Zamani madaktari wengi waliamini mfereji ukishabanwa upofu unafuata, wakaufungua mapema kwa nia njema. Mwaka 2002 utafiti wa Marekani ulioangalia wagonjwa wa aina hii ulionesha kwamba wengi wao, ingawa mfereji ulikuwa umezungukwa na kubanwa, walikuwa na uoni wa kawaida. Upasuaji wa kuufungua mfereji, kwa upande mwingine, unaweza wenyewe kuuumiza mshipa na kupofusha jicho lililokuwa zima.

Kwa hiyo msimamo wa sasa ni kutoufungua kwa kinga. Mgonjwa hupimwa uoni, rangi, upana wa uoni na unene wa nyuzi za nyuma ya jicho kila mwaka, mara nyingi zaidi akiwa bado anakua. Anapimwa pia homoni ya ukuaji, kwa sababu inapozidi mwilini, kama inavyotokea kwa baadhi ya wenye sindromu ya McCune-Albright, hatari kwa mshipa huongezeka. Ishara za sindromu hiyo ni mabaka ya kahawia kwenye ngozi na balehe ya mapema mno.

Hali hubadilika uoni ukianza kushuka. Ukishuka ghafla kwa mwenye displasia, hushukiwa sisti ya damu iliyovimba ndani ya uvimbe wa zamani, na hapo saa zinahesabiwa.

15. Hakuna dawa ya kuuyeyusha? Mionzi je?

Hakuna dawa inayoyeyusha osteoma. Dripu za kuimarisha mifupa hupunguza maumivu ya displasia ya nyuzi lakini haziurudishi mfupa kwenye umbo lake. Histiositosisi ya mtoto ni ubaguzi mzuri: ikiwa ni sehemu moja tu, kukwangua na pengine sindano ya steroidi humaliza kazi, ingawa lazima mwili mzima ukaguliwe kwanza, na kiu kali na mkojo mwingi viripotiwe.

Mionzi haitumiki kwa displasia. Uwezekano wa displasia kugeuka saratani ni mdogo, chini ya mmoja kwa mia, na mionzi ndiyo inayouongeza.

Dawa za majani za kudondosha jichoni hazifiki kwenye mfupa. Zinafika kwenye konea, kile kioo cha mbele ya jicho, na vidonda vinavyobaki hapo vimepofusha watu ambao uvimbe wao haungewapofusha kamwe.

## Upasuaji wenyewe

16. Jicho litatolewa nje kisha lirudishwe? Kovu litakuwa wapi?

Jicho halitolewi. Husogezwa kidogo kwa vijiko maalumu huku mboni ikiangaliwa.

Njia huchaguliwa kwa mahali uvimbe ulipo. Ulio juu hufikiwa kupitia mkunjo wa kope, na kovu hujificha jicho likiwa wazi. Ulio upande wa pua hufikiwa kupitia kona ya ndani ya jicho, au kwa kamera nyembamba inayopitishwa puani bila kovu lolote la nje. Ulio pembeni nyuma huhitaji kuondoa kwa muda kipande cha mfupa wa pembeni, njia ambayo msingi wake ulielezwa na daktari wa upasuaji Rudolf Krönlein mwaka 1888 na bado inatumika. Mkubwa wa paji la uso hufunguliwa kwa mkato unaopita kichwani kutoka sikio hadi sikio, ndani ya nywele. Mwenye upara aulize mapema. Unaogusa ubongo hufanywa pamoja na bingwa wa upasuaji wa ubongo. Yote haya ni kwa nusu kaputi.

Osteoma mara nyingi haitoki nzima. Hutobolewa katikati kwa keekee ndogo huku maji yakipoza, mpaka ganda linabaki jembamba na kuvunjwa kuelekea ndani, mbali na jicho. Hemanjioma ni kinyume: hukatwa pembezoni, kwenye mfupa usio na ugonjwa, itoke yote bila kuguswa katikati.

17. Nani anaufanya, na wapi?

Ni kazi ya timu: bingwa wa macho aliyejikita kwenye kope na tundu la jicho, bingwa wa pua, koo na masikio, wa upasuaji wa ubongo, au wa kinywa na uso, kulingana na mahali. Mabingwa hawa hukutana kwenye hospitali kubwa za rufaa: Muhimbili na taasisi yake ya mifupa, KCMC, Bugando, Kenyatta, Moi ya Eldoret, Mulago. Kupata anayejua tundu la jicho ni muhimu kuliko kupata mashine mpya. Uliza bila haya: mmefanya wangapi wa aina yangu, na nani atakuwepo chumbani? Daktari mzuri hakasiriki.

18. Mfupa ukitolewa panawekwa nini, na nani analipa?

Tundu dogo huachwa. Ukingo wa jicho au paa lake likiondolewa kwa upana, hujengwa kwa wavu wa titaniamu, plastiki ya vinyweleo, saruji ya mfupa, au mfupa wa mgonjwa mwenyewe kutoka kwenye fuvu. Titaniamu haikuzuii kupigwa MRI baadaye. Gharama ya kipandikizi mara nyingi haimo kwenye bei ya upasuaji uliyotajiwa, na bima nyingi hudai kibali cha awali. Thibitisha hilo kabla ya siku ya kulazwa.

19. Naweza kupofuka?

Inawezekana, na asiyekuambia hivyo hajakueleza sawasawa. Ni nadra, na hatari hupanda kadiri uvimbe unavyokuwa nyuma. Yanayotokea zaidi ni ganzi ya paji la uso, uoni wa viwili wa muda, kope kulegea, na jicho kuzama kidogo ndani. Upasuaji wa karibu na ubongo unaweza kuvujisha maji ya ubongo puani: maji maangavu yasiyo na rangi, yanayotiririka ukiinama. Hayo si mafua.

## Baada ya upasuaji

20. Usiku wa kwanza ndugu aangalie nini?

Maumivu makali yanayozidi licha ya dawa, kutapika, jicho kuwa gumu na kusukumwa nje, uoni kuzima. Hii ni damu inayojikusanya nyuma ya jicho. Retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, haivumilii kukosa damu zaidi ya saa moja na nusu hadi mbili, kwa hiyo muuguzi aamshwe na daktari aitwe papo hapo. Kope hufunguliwa pembeni palepale kitandani kuachia shinikizo. Mgonjwa hasubiri CT. Kwa sababu hiyo, bandeji nzito inayoficha jicho usiku kucha haipendezi. Muuguzi anapaswa kuweza kuuliza "unaona vidole vingapi?" mara kwa mara, na mgonjwa avumilie kuamshwa.

21. Wiki za mwanzo nisifanye nini?

Usipenge kamasi kwa angalau wiki mbili, zaidi kama vyumba vya hewa au ukuta wa ubongo umeguswa. Piga chafya ukiwa umefungua kinywa. Lala kichwa kikiwa juu, usibebe ndoo, usiiname shambani. Ndege isubiri ruhusa, kwa sababu hewa iliyonaswa ndani hutanuka angani. Kufura na weusi wa kope hushuka polepole na unaweza kuhamia shavuni. Hilo ni la kawaida.

22. Utarudi?

Osteoma iliyotoka yote hurudi kwa nadra. Fibroma ya mfupa ya vijana hurudi mara nyingi ikiachwa kipande, na sisti ya damu pia hurudi. Displasia iliyopunguzwa tu, hasa kwa anayekua, inaweza kunenepa tena; ndiyo maana upasuaji wa sura husubirishwa hadi ukuaji utulie. Ratiba ya kliniki ni ileile ya swali la 12.

## Hali za pekee

23. Nina mimba.

Meninjioma huweza kukua haraka wakati wa ujauzito, uvimbe mwingi mwingine husubiri. CT ya kichwa humfikishia mtoto mionzi kidogo sana, hivyo haikataliwi ikihitajika kweli. Upasuaji hupangwa baada ya kujifungua, au miezi ya katikati ya mimba kama mshipa wa kuona uko hatarini.

24. Mtoto ana selimundu na jicho limefura ghafla na homa. Ni uvimbe?

Mara nyingi ni mfupa wa tundu la jicho uliokosa damu wakati wa krizi, ukavimba na kuvuja damu chini ya utando wake. Unafanana sana na usaha na hata na saratani. Alazwe, apewe maji, dawa za maumivu na antibayotiki huku MRI ikitafutwa. Wengi hupona bila kisu, ila uoni upimwe kila siku, kwani ukianza kushuka damu iliyokusanyika huenda ikalazimika kutolewa. Mweleze daktari wa zamu kuhusu selimundu kabla hajaandika karatasi ya chumba cha upasuaji.

25. Majibu ya maabara hayafanani na yaliyosemwa kwenye picha. Niamini lipi?

Usichague mwenyewe. Displasia na fibroma hutofautishwa kwa kuweka picha na hadubini pamoja, na kipande kidogo kinaweza kuwa kimetoka pembeni. Omba mpatholojia, daktari anayesoma kinyama kwa hadubini, aoneshwe CT, au vioo vya maabara vyenye kinyama chako vipelekwe kusomwa hospitali nyingine. Hiyo ni haki ya mgonjwa, na vioo hivyo hutunzwa.

26. Jicho hilo halioni tena. Kuna faida kupasua?

Inategemea limezima lini. Uoni uliopotea siku chache zilizopita unaweza kurudi kwa sehemu mshipa ukiachiwa. Uliopotea miaka mingi, na nyuma ya jicho pamepauka, haurudi. Bado upasuaji unaweza kuhitajika kwa maumivu, kuzuia usaha kufika ubongoni, au kulinda jicho la pili kama uvimbe unavuka katikati. Uliza ni ipi kati ya hizo inayokuhusu, na iandikwe kwenye fomu ya ridhaa kabla hujaweka sahihi.